Mtoto Mchanga Ananyonya. Je, Aliyemtangulia Anakula Nini?



Ukienda kumwona mzazi, unakwenda moja kwa moja kwa mtoto mchanga. Unafunua kitenge. Unamtazama. Unasema anafanana na baba yake, hata kama bado hafanani na mtu yeyote. Unamuuliza mama habari za usiku, kisha unaaga. Desturi hiyo ni nzuri. Lakini mlangoni pale ulipopita kulikuwa na mtoto mwingine amekaa. Huyo hukumtazama. Leo nataka tuzungumze habari za huyo wa mlangoni, na za mama aliye kati ya watoto wawili.

Mimi ni bwana shamba. Siku hizi tunaitwa maafisa ugani, lakini vijijini jina la zamani halijafutika. Nina cheti cha kilimo. Kazi yangu ni maharage, muhogo na mahindi. Sikusomea utabibu. Haya nitakayokueleza juu ya ugonjwa nimefundishwa na wenzangu wa afya, na mengine nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe.

NILITAZAMA, SIKUONA

Mwezi wa Machi mwaka 2022 nilikuwa nikikagua maharage katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kibondo, njia ya kwenda Nduta. Jina la Nduta huenda umelisikia hata kama unakaa mbali. Mwaka 2015 kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa upya mahali hapo, na mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Lakini mama ninayemsema hakuwa mkimbizi. Ni Muha, mkulima, mwenyeji wa hapo hapo.

Nilifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anapalilia peke yake. Mtoto wake wa miezi miwili alilazwa chini ya mwembe juu ya kitenge. Aliyemlinda ni dada yake wa miaka tisa. Ilikuwa siku ya shule. Kulikuwa na kaka wa miaka 12, huyo alikuwa shuleni. Wa miaka mitano alikuwa akikimbiza kuku. Na mlangoni, juu ya kizingiti, alikaa mvulana wa mwaka mmoja na miezi minane.

"Mama, palizi imechelewa," nilisema baada ya salamu.

"Imechelewa, bwana shamba. Nikimweka chini huyu analia. Nikimbeba, mgongo unaniuma."

Nikamweleza kama nilivyofundishwa. Maharage yapaliliwe kabla ya kutoa maua. Ukiingia na jembe wakati wa maua, maua yanapukutika, na mavuno yanakwenda nayo. Maneno yangu yalikuwa ya kweli. Lakini nilimwambia mtu aliyelala saa tatu tu usiku, na ambaye tangu asubuhi alikuwa hajala kitu.

Wakati wa kuondoka nikamtazama yule wa mlangoni. Mashavu yalikuwa yamejaa. Miguu ilikuwa minene. Nikamsifu. "Huyu amenenepa," nilisema. "Huyu atakuwa mkulima." Mama hakujibu. Mtoto naye hakucheka wala hakulia. Mtoto wa umri ule akimwona mgeni, ama hukimbilia kwa mama yake, ama huja kuishika baiskeli. Yule alikaa tu. Nami nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu.

KIDOLE KIKAACHA SHIMO

Wiki iliyofuata nilipita tena, safari hii nikifuatana na mhudumu wa afya wa kijiji. Yeye alipita nyumba kwa nyumba kwa kazi yake, mimi kwa kazi yangu. Alichuchumaa mbele ya yule mtoto. Akakandamiza kidole gumba juu ya mguu wake, akahesabu taratibu mpaka tatu, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akafanya vile vile mguu wa pili. Shimo likabaki tena, kama vile umebonyeza unga uliokandwa.

Ule haukuwa unene. Yalikuwa maji.

Akatoa utepe wa kupimia mkono. Utepe huo una rangi tatu. Kijani ni salama, njano ni hatari inayokuja, nyekundu ni hatari iliyokwisha kufika. Hutumika kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kwa mtoto yule ulionyesha njano. Lakini mhudumu alisema mtoto akivimba miguu yote miwili, hatungoji rangi. Anakwenda kutibiwa siku hiyo hiyo. Nywele zake pia zilikuwa nyepesi, zimepauka, zinang'oka bila maumivu. Na ule ukimya wake ni dalili. Mtoto mgonjwa wa namna hii hachezi, na mara nyingi hataki chakula.

Ugonjwa huo ni utapiamlo mkali. Sisi tunauita kwashakoo. Neno hili limetoka mbali. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto wengi wamevimba hivyo. Akawauliza akina mama wa kule wanauitaje ugonjwa huu. Wakamwambia kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapokuja. Daktari aliandika jina hilo katika gazeti la madaktari mwaka 1935. Kwa hiyo, msomaji, akina mama wa kijijini walikuwa wamekwisha kulijua jambo hili kabla ya madaktari. Walijua hata mtoto yupi ataugua.

Angalia hesabu ya nyumba ile. Mvulana alikuwa na miezi tisa mama alipopata mimba nyingine. Mama alipojua, akamwachisha ziwa. Aliambiwa maziwa ya mama mjamzito ni sumu. Hilo si kweli. Mama mjamzito mwenye afya anayekula vizuri anaweza kuendelea kunyonyesha. Lakini yeye alitii alivyoambiwa. Kuanzia hapo mtoto alikula ugali wa muhogo na mchuzi kidogo. Muhogo unashibisha. Unatia nguvu. Lakini kitu cha kujenga mwili ndani yake ni kidogo sana. Mtoto anajaa tumbo na mwili unabaki na njaa.

"Mbona hukumpeleka zahanati?" mhudumu aliuliza kwa upole.

Mama alitazama chini. "Watasema tumembemenda," alisema.

Neno hilo unalijua. Mtoto akidhoofika, watu wananong'ona. Baba ametoka nje ya nyumba. Au wazazi wamekutana mapema kabla mtoto hajakua. Aibu inawafunga mlango. Mama anamficha mtoto ndani, anatafuta dawa za mitishamba usiku, na siku zinapita. Mimi nasema hivi: wazee walioanza kusema neno hilo waliona jambo la kweli. Waliona kwamba mimba ikifuata upesi, mtoto wa kwanza anadhoofika. Lakini kinachomdhoofisha ni kukosa maziwa na kukosa chakula cha badala yake. Hakuna uchawi wala uchafu. Unaposema "wamembemenda," unamzuia mama asiende kwenye dawa. Mtoto anaweza kufa kwa neno lako.

MAHARAGE YALIKWENDA WAPI?

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Sisi wa Kibondo na Kasulu ni watu wa maharage. Malori yanakuja kuyachukua. Na maharage ndicho chakula cha kujenga mwili ambacho karibu kila nyumba inaweza kukilima. Nyumba ile ililima. Mwezi wa Januari walivuna magunia manne. Mama alikuwa kitandani, amejifungua siku chache tu. Baba akatoa mbegu kidogo, akauza yaliyobaki yote. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni. Alihitaji sare za shule na gharama za mke wake kujifungua. Tena aliogopa wadudu, maana maharage yakikaa ndani yanatobolewa.

Na mimi nilikuwa nimemsifu. Niliandika katika daftari langu: magunia manne, bei nzuri. Kwa miaka mingi nimeandika magunia yanayotoka nyumbani. Sikuwahi kuandika yanayobaki.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Nyumba yenye walaji sita, ukiacha mtoto mchanga, ikipika nusu kilo ya maharage makavu kwa siku, wote watapata. Kutoka mavuno ya Januari hadi mavuno ya mwisho wa Mei ni kama siku 140. Nusu kilo mara siku 140 ni kilo 70. Hilo ni gunia moja lisilojaa. Katika magunia manne, hili moja ndilo lingemweka mtoto yule nje ya hospitali. Yasitobolewe, kausha maharage vizuri juani, kisha yafunge katika mifuko isiyopitisha hewa. Mdudu asipopata hewa, anakufa humo humo. Usifungue mfuko kila siku. Toa ya mwezi mzima, kisha funga tena.

MAMA WA MIEZI MIWILI NI MTU WA KAZI MBILI

Mtoto wa miezi miwili ameanza kukufahamu. Ukimchekea anacheka. Lakini tumbo lake bado ni la kitu kimoja tu: maziwa ya mama. Asipewe maji, uji, wala maziwa ya ng'ombe mpaka atimize miezi sita. Zamani tulifundisha miezi minne, na bibi wengi bado wanasema hivyo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliamua iwe miezi sita. Pale nyumbani, dada yake alikuwa amemnywesha maji ya uji ili anyamaze. Usimlaumu mtoto wa miaka tisa. Maziwa yalikuwa shambani, yameshika jembe.

Wengine huuliza, "Jua likiwaka, je, hana kiu?" Katika sehemu 100 za maziwa ya mama, kama sehemu 87 ni maji. Mnyonyeshe tena. Mtoto wa umri huu hunyonya mara nane hadi kumi na mbili, mchana na usiku. Akinyonya mara nyingi, maziwa yanakuja mengi.

Lakini maziwa hayatoki mbinguni. Mwili wa mama unatengeneza karibu robo tatu ya lita kila siku. Kwa hiyo anahitaji mlo mmoja zaidi ya alivyokuwa akila kabla ya mimba. Anahitaji kunywa maji kila anapoona kiu, na kulala kila mtoto anapolala. Katika nyumba nyingi nizipitiazo mama anapakua kwa baba, kwa watoto, kwa mgeni, kisha anakomba sufuria. Huko ni kumnyang'anya chakula mtoto wa miezi miwili.

Mama aliyeajiriwa serikalini au kiwandani ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo. Akizaa pacha ni siku 100. Mtoto wa miezi miwili ana siku 60. Kwa hiyo karani wa mjini ambaye mtoto wake ni mkubwa kama yule wa chini ya mwembe angekuwa bado na siku 24 za kukaa nyumbani. Mama mkulima hana barua ya likizo. Nani ataiandika? Baba, nakutazama wewe.

KAZI ZIGAWANYWE

Tulikaa na baba wa nyumba ile jioni. Sikwenda kumgombeza, maana nami nilikuwa na deni langu. Tulihesabu kazi za siku moja za mke wake. Kuteka maji safari tatu. Kuni. Kupika mara mbili. Kufua nepi. Kupalilia. Kunyonyesha mchana na usiku. Kumwangalia wa mwaka mmoja na miezi minane, ambaye hakuna aliyemwangalia. Baba alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

Tulikubaliana hivi. Kijana wa miaka 12 ateke maji kwa baiskeli kabla ya shule, madumu mawili asubuhi na mawili jioni. Alinuna kidogo. Alisema maji ni kazi ya wasichana. Baba yake alimtazama tu, basi. Msichana wa miaka tisa arudi shuleni, asaidie jioni kwa kumbeba mdogo wake mama anapopika. Palizi iliyobaki ichukuliwe na baba mwenyewe pamoja na shangazi wa watoto, zamu kwa zamu na shamba la shangazi. Na mama atakapoanza tena kwenda shambani, mtoto aende naye, akae karibu, anyonye akitaka.

Na yule wa mlangoni apate sahani yake mwenyewe. Hili ni jambo dogo, lakini ukiniuliza mimi, ndilo kubwa. Katika sinia moja na kaka zake, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane anashindwa. Mkono wake ni mdogo na meno yake ni machache. Kaka anatwaa matonge matano, yeye anatwaa moja na kuliangusha. Mpe sahani. Ale mara tatu au nne kwa siku, na katikati apate parachichi au ndizi. Ponda maharage, ondoa maganda. Twanga dagaa wa Kigoma, tia kijiko katika uji wake. Tia mawese kidogo. Kisamvu kwa karanga kinafaa sana. Yai lisiuzwe lote. Tena akae karibu na mtu anayemwambia, "Kula, baba." Mtoto aliyehuzunika hali peke yake.

Lakini sikiliza vizuri. Mtoto aliyekwisha kuvimba hatibiwi kwa sahani ya nyumbani. Usimshindilie chakula kwa huruma, maana mwili wake hauwezi kukipokea ghafla. Kule hospitali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, mchana na usiku. Baadaye ndipo hupewa chakula dawa.

Mhudumu aliandika rufaa jioni ile ile. Hapo ikatokea shida ambayo sikuifikiria. Mama angekwendaje hospitalini na mgonjwa huku ana mtoto anayenyonya? Alikwenda nao wote wawili. Shangazi alifuatana naye ili amshike mmoja. Walikaa huko zaidi ya wiki mbili. Nyumbani alibaki baba na watoto watatu. Alipika mwenyewe. Majirani wakasimama uani wakacheka. Naye alicheka nao, kisha akaendelea kusonga ugali. Aliunguza siku mbili za kwanza, hivyo ndivyo binti yake alivyoniambia.

KADI YA KLINIKI

Mtoto mchanga alichanjwa alipotimiza wiki sita. Chanjo nyingine ni wiki ya 10 na wiki ya 14. Mtoto wa miezi miwili yuko katikati ya hizo, na katikati ndipo watu husahau. Soma tarehe kwenye kadi. Sasa unajua kusoma, usimngoje mtu akusomee. Na kama mtoto mchanga anakataa kunyonya, anapumua haraka haraka, mwili ni wa moto sana au wa baridi, au ana degedege, mpeleke zahanati bila kungoja asubuhi.

Siku hiyo ya kadi muulize muuguzi habari za uzazi wa mpango. Mama ambaye mtoto wake hajafika miezi sita, ambaye ananyonyesha tu mchana na usiku bila kumpa mtoto kitu kingine, na ambaye hajaona damu ya mwezi, ni vigumu sana kupata mimba. Moja kati ya hayo matatu likiondoka, kinga hiyo imeondoka. Njia nyingine ziko, na muuguzi atakueleza ile isiyodhuru maziwa. Wataalamu wanashauri mtoto atimize angalau miaka miwili kabla mama hajapata mimba nyingine. Baba, nenda naye. Kama wewe hujui, nyumbani mtagombana bure.

Mwanzoni mwa mwezi wa Juni nilirudi kijijini kuhesabu mavuno ya pili. Yalikuwa machache kuliko ya Januari, maana palizi ilichelewa kweli. Magunia mawili na nusu. Lori lilikuwa limesimama barabarani na mnunuzi alikuwa uani na mizani yake. Walipima gunia la kwanza. Wakapima lile nusu. Mnunuzi akanyoosha kidole kwenye lile lililobaki ukutani.

"Na hilo?"

"Hilo lina mwenyewe," baba alisema, akaliburuta ndani.

Niliegemeza baiskeli yangu kwenye mwembe nikatoa daftari. Nilichora mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja yaliyouzwa, upande wa pili yaliyobaki. Mama alikaa kwenye mkeka ananyonyesha. Mtoto mchanga alikuwa na miezi minne na nusu, anageuza shingo kila kuku akipita. Nikiwa bado naandika, nikasikia kengele ya baiskeli inalia nyuma yangu. Yule mvulana alikuwa ameishika. Miguu yake ilikuwa myembamba sasa, na magoti yalikuwa na vumbi. Aliipiga tena. Nilimwambia aache, naye akaipiga mara ya tatu.